Kabla hamjampeleka dume machinjioni Kiamaiko

Wenzangu mnaofuga kondoo Ruai, Kamulu na Karen: dume akipanda majike na hayashiki mimba, msikimbilie kumuuza. Mfunueni kope la chini kwanza. Likiwa jeupe badala ya jekundu, huenda minyoo ya tumboni inamnyonya damu. Dume wa hivyo hukonda, hamu ya kupanda humwisha na shahawa hudhoofika.

Halafu shikeni kende. Zinatakiwa ziwe ngumu kiasi, kama msuli uliokazwa, tena ziteleze vizuri ndani ya mfuko wake. Zungusheni utepe wa fundi cherehani penye unene zaidi. Kipimo cha dume aliyekomaa kikiwa chini ya sentimita 30, tieni shaka. Ngozi ya mfuko ikiwa na magamba mazito, shukuni upele wa utitiri. Wengi huupuuza, kumbe uvimbe unaoletwa nao hupandisha joto la kende, na mbegu hazivumilii joto.

Dawa ya minyoo ipimwe kwa uzito wa dume kwenye mizani, si kwa macho, maana dozi pungufu hulea minyoo sugu. Pelekeni kinyesi maabara, na mrudie kipimo hicho siku 14 baada ya dawa. Mbegu huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo dume aliyetibiwa leo msimtarajie Jumamosi ijayo. Tibuni wiki 8 hadi 10 kabla ya kupandisha.

Aliyetoka nchi ya mbung'o apimwe damu pia. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, huziharibu kende zenyewe, na hapo hata dawa huenda isizirudishe.