Kidonge cha saa mbili usiku

Nilizaliwa na VVU, ila nilikuja kujua nikiwa na miaka 13. Kabla ya hapo niliambiwa dawa ni za kifua. Mama aliponieleza ukweli sikulia. Nilipiga hesabu tu: miaka yote ile, kila usiku, nilikuwa nikimeza kidonge na uongo pamoja.

Nikaanza kukificha chini ya ulimi. Nanywa maji, naaga kwenda kulala, kisha nakitema. Watu hudhani kijana anayeacha dawa hana elimu. Mimi nilijua kabisa kwamba virusi vikiachiwa nafasi huzaliana, na vinaweza kujenga usugu hadi dawa ishindwe. Nilijua, na bado nilitema. Mchana kutwa nilikuwa mtu kama wenzangu. Ikifika saa mbili usiku ndipo nageuka mgonjwa.

Kipimo cha wingi wa virusi kikaja juu ya nakala 1,000 kwa mililita ya damu, yaani virusi havikuwa vimedhibitiwa. Nilikwenda kliniki nikisubiri kugombezwa. Muuguzi alifunga mlango akaniuliza, "Mwanangu, kidonge hiki kinakuwa kigumu saa ngapi?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikamwaga yote: hasira kwa mama, hofu kwamba nitakayempenda atanikimbia, na aibu. Aibu ile hakunipa mtu. Hakuna shuleni aliyejua, hivyo hakuna aliyenicheka, lakini kila waliponong'ona niliamini wananisema mimi.

Tulihamishia dawa asubuhi. Mama, ambaye siku zote alimeza zake chumbani mlango ukiwa umefungwa, akaanza kumeza mezani mbele yangu. Siku ya kwanza mkono ulimtetemeka.

"Niliogopa utanichukia," alisema.

"Nilikuchukia, mama."

Ndipo nikalia, naye akalia. Sikumsamehe asubuhi ile. Ilichukua muda mrefu, na zipo siku hasira hurudi. Siku hizo humwambia badala ya kutema kidonge.

Miezi kadhaa baadaye tulipima tena. Virusi havikuonekana kwenye kipimo. Muuguzi akanieleza kwamba nikiendelea na dawa na hali ikabaki hivyo, sitamwambukiza mwenzi wangu kwa njia ya kujamiiana. Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu. Nikamwomba tena.