Gego la juu, mzee wa lori na chumvi ya jikoni

Jino la mbele hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analipiga picha ya eksirei. Njoo kwenye gego la juu la nyuma ndipo utajua nani ni nani. Mimi sasa nalipiga huku napiga soga, na najisifu makusudi, maana ushauri niliopewa nilipoanza kazi ya meno ulikuwa wa hovyo: “Ikikataa, ongeza muda wa mionzi.”

Niliongeza. Picha ikatoka nyeusi zaidi, na jino likabaki refu vilevile kama la tembo, mizizi imeishia nje ya filamu. Muda unaongeza weusi tu! Urefu unatokana na pembe: ukililaza mno bomba la mashine jino linarefuka, ukilisimamisha mno linakuwa kibutu.

Kwa juu, kaakaa ndilo linaloleta taabu. Filamu, ambayo huwekwa ndani ya mdomo, haisimami sambamba na jino, inalala kimshazari. Basi ile pembe iliyo kati ya jino na filamu igawe nusu kwa macho, halafu mwale uukate mstari huo wa katikati kwa pembe mraba. Kanuni hiyo ni ya daktari wa meno Mpolandi, Cieszyński, ya mwaka 1907, na bado inatulisha. Kwa magego ya juu nainamisha bomba nyuzi 20 hadi 30. Mstari wa kutoka pembeni mwa pua hadi sikioni uwe sambamba na sakafu. Mgonjwa akiinua kidevu, hesabu imeharibika. Wenye kishikio chenye pete ya kulengea hawana shida hizi. Chetu kilivunjika zamani.

Sasa yule mzee, dereva wa lori. Kona ya filamu ikigusa tu kaakaa, anataka kutapika, machozi yanamtoka, filamu inaangukia mapajani. “Mwanangu, kitu hiki kitaniua.” Mmoja akashauri tumkamate kichwa. Mzee wa watu! Mwingine akapuliza dawa ya ganzi. Mzee akahisi koo limeziba, akazidi kutapatapa. Tukaambulia picha moja, nusu yake nyeupe pe kwa mkato wa duara, kwa kuwa alisogea na mwale ukaikosa filamu. Kijana mmoja akataka kumshikia filamu kwa kidole chake mwenyewe. Nikamfukuza chumbani. Edmund Kells wa New Orleans alikuwa daktari wa meno hodari, na mazoea ya aina hiyo, mkono kwenye mionzi, yalimgharimu vidole, kisha mkono.

Nikamtuma dada wa mapokezi alete chumvi. Wakacheka. Nikaipanga mashine kwanza, kabla ya kugusa mdomo, kisha chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi. “Mzee, pumua kwa pua. Nyanyua mguu wa kulia, usiushushe mpaka nikwambie.” Akanitazama kama mwendawazimu, lakini akaunyanyua. Kabla hajamaliza kushangaa filamu imeshakaa, imeingia mara moja bila kuburuzwa kwenye kaakaa, kinundu chake kikitazama mashine, nami niko nyuma ya ukuta nabonyeza. Chumvi ilikuwa bure, lakini filamu zilizoharibika zilikuwa za elfu kadhaa, bosi alizinung'unikia mpaka jioni.

Picha ikatoka safi. Kizibo cha zamani cha jino cheupe kabisa, enameli nyeupe, dentini kijivu, njia ya neva nyeusi. Wanafunzi wakakimbilia kuonyesha weusi mpana juu ya mizizi: “Jipu!” Si jipu, huo ni uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, hata wewe unao. Fuata ule mstari mwembamba mweupe unaozunguka mzizi. Kwa mzee ulikuwa umekatika kwenye ncha ya mzizi mmoja tu, na hapo palikuwa na doa jeusi dogo la mviringo, mfupa umeliwa. Akapelekwa kusafishwa mzizi, jino likabaki.

Na nyie mnaotucheka na filamu zetu: sensa ya kidijitali, kile kipande cha kielektroniki kinachowekwa mdomoni badala ya filamu, ni nene kuliko filamu na haikunjiki hata kidogo. Wekeni chumvi karibu.