Namba iliyokuwa ndani ya jalada

Baba mkubwa alipofariki aliacha makoti mawili, redio, na daftari la hesabu lenye jalada jekundu. Alihama Unguja akiwa kijana, akaishi London zaidi ya miaka 40, karibu yote akisajili vitabu katika maktaba ya mtaa. Kwamba alikuwa akitunga mashairi, nilikuja kujua siku mama mkubwa aliponikabidhi daftari lile.

"Lipeleke wanakojua kutunza, mwanangu. Hapa litaliwa na unyevu."

Kosa la kwanza nililifanya nyumbani: ukurasa uliochanika niliuunga kwa selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kuchafua karatasi, na aliyepokea daftari kwenye hifadhi ya nyaraka aliitazama ile selotepu akashusha pumzi. Fomu zilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Daftari likawa lao, haki ya kunakili mashairi ikabaki kwetu warithi. Kwa sheria ya Uingereza hudumu miaka 70 baada ya mtunzi kufa.

Miezi ikapita. Nilipotafuta kwenye orodha yao nikakuta: "Daftari, Kiarabu, mambo ya dini." Mtu ameona herufi za Kiarabu, basi kamaliza. Mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi hizo, yakafichwa chini ya jina hilo, nani angeyaomba?

Nikarudi. Ndani ya jalada, kwa penseli, palikuwa na namba ndogo: 896.3921. Msimamizi aliitambua kabla yangu. Katika mpango wa Dewey, ambao maktaba hutumia kupanga vitabu kwa namba, 896.392 ni fasihi ya Kiswahili, na ile 1 ya mwisho ni ushairi. Mzee aliyeshinda akibandika namba migongoni mwa vitabu vya wenzake alikuwa ameshajiwekea yake!

Wakakubali kusahihisha, ila wakataka beti chache kwa herufi za Kilatini. Hapo ndipo nilipotoka jasho. Baba mkubwa aliandika kwa mtindo wa zamani, ambapo herufi *be* ya Kiarabu peke yake hubeba b, p na mb. Jioni nzima nilikwama kwenye mshororo huu:

*Usiku taa kizimwa, moyo wangu huja imba*

Au ni "huja iba"? Mizani haikunisaidia, maana yote mawili yanatimiza silabi nane. Nilikaribia kumwandika marehemu kuwa na moyo wa mwizi. Vina ndivyo vilivyoniokoa: mishororo ya juu iliishia *kamba*, *chumba*, *shamba*, na mtunzi wa kwetu aliyefundwa hachanganyi -mba na -ba. Kwa njia hiyo nikamaliza beti 12 kwa wiki tatu, penseli mkononi, kwani chumba cha kusomea hakiruhusu kalamu ya wino.

Orodha ikasahihishwa: lugha, Kiswahili, aina, mashairi, jina la mtunzi likaandikwa kamili. Nikampeleka mama mkubwa akaone. Akanawa mikono, akaikausha, akaketi mbele ya daftari lililolazwa juu ya mto wa sifongo. Sikuwahi kufikiri kwamba alijifunza herufi zile utotoni, chuo cha Kurani. Akaweka kidole pembeni ya ukurasa, akausoma ubeti wote kwa sauti ya chini, na kwenye "huja imba" hakusita hata kidogo.

"Wiki tatu?" akaniuliza. "Si ungeniletea mimi?"