Vipande 107 vya karatasi vilivyonielewesha thamani ya p

Fomula za takwimu nilikuwa nazo. Majedwali ya t na ya kai-mraba, ya kutafutia thamani ya p, nilikuwa nayasoma vizuri tu, lakini nilitaka kuona kwa macho yangu hiyo thamani ya p, namba inayoonyesha matokeo yanashangaza kiasi gani kama hakuna tofauti ya kweli, inatoka wapi. Vipande vya karatasi ndivyo vilivyonionyesha.

Nilichukua jaribio la streptomaisini lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, ambalo wagonjwa wake wa kifua kikuu waligawanywa makundi kwa kubahatisha. Wagonjwa 55 walipewa dawa na kupumzishwa kitandani. 52 walipumzishwa tu. Ndani ya miezi sita, katika kundi la dawa walikufa 4, na katika kundi la pili 14.

Vifo vyote ni 18. Basi nikakata vipande 107, nikatia alama ya X kwenye 18, nikavichanganya ndani ya mfuko na kutoa 55 bila kuangalia. Hilo ndilo “kundi la dawa” kama dawa haifanyi chochote, yaani mtu wa kufa atakufa tu, apangwe kundi lolote. Nikahesabu X, nikarudisha, nikachanganya, nikatoa tena. Zinazotarajiwa ni kama 9, na kweli mkononi zilikuwa zikija nane, tisa, kumi. Nne ilikuwa adimu. Mkono ulipochoka niliandika programu fupi ichanganye maelfu ya mara: X nne au pungufu zilitokea chini ya mara moja katika kila mia.

Hiyo ndiyo thamani ya p, ya upande mmoja, yaani nimehesabu X chache tu, si nyingi kupita kiasi. Inajibu swali moja tu: kama dawa haileti tofauti yoyote, matokeo ya namna hii au makali zaidi yangetokea mara ngapi? Haisemi dawa ina uwezekano gani wa kufanya kazi. Natamani kila anayeanza utafiti alishike hili kabla hajagusa kompyuta, kwa sababu programu itampa p hata asipojua ameuliza nini. Na mpaka wa 0.05, ambao p ikiwa chini yake watu husema tofauti ipo, ni desturi iliyoenezwa na mwanatakwimu Fisher tangu miaka ya 1920, wala si sheria ya maumbile.

Kwenye dodoso mambo ni yaleyale. Tuseme watu 1,000 wamechaguliwa kwa kubahatisha na 520 wanakubali hoja fulani. Kama jamii imegawanyika nusu kwa nusu, sampuli ya ukubwa huo kwa kawaida hupishana na ukweli kwa hadi asilimia 3 hivi, juu au chini, kwa hiyo asilimia 52 haishangazi. P, safari hii ya pande zote mbili, juu na chini, ni kama 0.2. Hapo hujathibitisha kuwa jamii imegawanyika sawa, umekosa tu ushahidi wa kukataa. Asilimia hiyohiyo 52 ikitoka kwa watu 4,000, p inashuka hadi kama 0.01.

Kinachonifanya niwe mwangalifu zaidi ni wingi wa maswali. Ukipima mambo 20 yasiyohusiana, yote hayana tofauti yoyote, uwezekano wa angalau moja kupita chini ya 0.05 ni asilimia 64. Ndiyo maana swali langu kuu na idadi ya watu ninaowahitaji huviandika kabla dodoso la kwanza halijatoka. Mengine yatakayojitokeza kwenye data nayaripoti kama vidokezo, yapimwe upya kwa sampuli nyingine.