Kanzu ya Kuazima

"Bali mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake." (Warumi 13:14)

Wapendwa, tafakari ya wiki hii inatoka mahali msipopatarajia: maisha ya Alec Guinness, mwigizaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 2000. Wengi wanamjua kama yule mzee mwenye ndevu katika filamu ya Star Wars ya 1977. Waliofuatilia televisheni mwaka 1979 walimwona akiwa George Smiley, jasusi mpole asiye na haraka. Kabla ya hayo yote alikuwa mtu wa jukwaani, akiigiza tamthilia za Shakespeare pale Old Vic, ukumbi wa maigizo wa London. Kipaji chake kilikuwa kujificha ndani ya mhusika. Katika filamu moja ya 1949 aliigiza watu wanane wa ukoo mmoja, na mmoja wao ni bibi!

Alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba paliachwa wazi.

Basi alipopewa nafasi ya kuigiza padri mpelelezi, Father Brown, katika filamu iliyotoka 1954, walikwenda kupiga picha kijijini Burgundy, Ufaransa. Jioni moja akawa anarudi alikofikia, gizani, bado amevaa kanzu nyeusi ya padri. Akasikia vishindo vya miguu midogo nyuma yake na sauti ikiita, "Mon père!" Baba! Mtoto wa miaka saba au minane hivi akamshika mkono, akawa anaubembeza huku akiongea mfululizo. Guinness hakuthubutu kufungua kinywa, asije akamtisha kwa Kifaransa chake kibovu. Wakaenda hivyo, mpaka mtoto akaaga na kupenya kwenye uwazi wa ua wa miti, akaenda zake kwao.

Guinness aliandika baadaye kwamba aliendelea na njia yake akiwaza: Kanisa linaloweza kumfanya mtoto amwamini hivyo padri asiyemjua haliwezi kuwa la hila kama alivyokuwa akiambiwa. Chuki aliyokuwa nayo tangu zamani ikaanza kulegea.

Mimi hapo ndipo ninapokaa. Yule mtoto alikosea. Chini ya kanzu hapakuwa na padri, hata Mkatoliki hapakuwa. Ila mapadri wa kweli waliopita njia ile kabla ya Guinness walikuwa wameshaiandaa imani ile. Yeye aliivuna tu. Nasi tuliobatizwa tunatembea na jina tulilolikuta limeshajengewa heshima na wengine: bibi aliyesali, katekista aliyetembea kwa miguu, mtawa aliyefunga vidonda. Na tuseme ukweli, inauma: vazi hilohilo limewahi kutumika kuwaumiza watoto, na anayelivaa leo anaubeba mzigo huo pia.

Paulo hasemi tusubiri mpaka tustahili ndipo tumvae Kristo. Anasema mvaeni. Kwa Guinness kanzu ilitangulia, imani ikafuata polepole, tena kwa kupitia machozi: mwanawe Matthew alipopatwa na polio akiwa na miaka 11, baba yake alizoea kupitia kanisa dogo la Kikatoliki akitoka kazini, akakaa humo kimya. Akamwekea Mungu ahadi, kwamba mtoto akipona na siku moja akataka kuwa Mkatoliki, hatamzuia. Mtoto akapona. Akataka. Baba akatimiza.

Yeye mwenyewe alipokelewa katika Kanisa mwaka 1956. Mwaka uliofuata alikuwa Sri Lanka akipiga The Bridge on the River Kwai, filamu iliyompatia tuzo ya Oscar, na huko ndiko habari zilikomkuta: mkewe Merula naye ameshapokelewa, na hakumwambia mumewe mpaka mambo yalipokwisha.