Rejeta ya Corolla 110

Tulikuwa tukipanda kutoka Igurusi kwenda Mbeya mshale wa joto ulipogusa nyekundu. Corolla 110 ya 1998, injini 5A, giaboksi ya otomatiki. Tuliiacha ipoe karibu saa nzima ndipo boneti ikaguliwe vizuri. Kichwa cha juu cha rejeta (kifaa kinachopoza maji ya injini), plastiki ambayo hutoka kiwandani ikiwa nyeusi, kilikuwa kimegeuka kahawia na kupasuka pale kinapobanwa na bati. Plastiki ya rangi hiyo imeshapikwa. Ukiiziba kwa gundi, presha itaipasua pembeni.

Kesho yake, sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya, muuza spea aliuliza jina la gari tu, akatoa rejeta mbili. Jina halitoshi. Ile mpya, ya bei nafuu, ilikuwa ya gari la manyuo, la gia za kubadili kwa mkono: chini haikuwa na midomo miwili ya kupitishia oili ya giaboksi. Kwa macho zinafanana kabisa, lakini ukiifunga hiyo kwenye otomatiki oili haina pa kupoea, na giaboksi huungua kabla ya injini.

Ya pili ilikuwa mtumba wa Japani. Tulilaza ya zamani kando yake tukapima kwa futi: urefu na upana wa wavu (sehemu ya katikati inayopoza maji), unene wake, kipenyo cha midomo ya mipira na upande iliko, vishikio vya chini, matundu ya skrubu za feni. Unene ndio watu husahau. Wavu wa milimita 16 huingia palipokuwa na wa 26 bila shida, halafu gari linachemsha mlimani. Yote yalilingana. Fundi akaziba midomo, akaizamisha kwenye pipa na kujaza upepo kidogo kidogo mpaka bar 1. Hakuna povu. Akaziba pia njia ya oili na kuipima peke yake, kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka: ikivuja kwa ndani, maji huingia giaboksi na oili hugeuka kama maziwa yenye rangi ya waridi.

Kifuniko tulinunua kipya, kilichoandikwa 0.9, yaani hushika presha ya karibu bar 0.9. Huku Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94. Thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, inapofunguka kwenye nyuzi 82, zimebaki 12 tu kabla ya mchemko. Kifuniko kisicho na hitilafu, kwa kushika presha, husogeza mchemko hadi karibu 115. Kilicholegea mpira hukurudisha kwenye 94, hata rejeta iwe mpya kiasi gani.

Tulijaza kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji safi, pua ya gari ikiwa imeelekea juu na hita imefunguliwa mpaka mwisho, ili upepo utoke. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ilikuwa imeshuka nusu lita. Tukaongeza, tukakagua na oili ya giaboksi, kisha tukarudi Igurusi kuupanda ule mlima upya. Mshale haukupita katikati.