Kumbe risasi zilikuwa zaingia ubavu

Jamani leo nimefurahi wallahi! Miezi mitatu nalenga shabaha mita 100 na raifo yangu ya saizi ya risasi .223, risasi zatawanyika ovyo, nikadhani ni darubini, nikabadilisha, wapi. Jumamosi ami mmoja pale renji akaitazama karatasi akanambia mwanangu, haya matundu mbona marefu si duara, risasi zako zaingia ubavu. Mifuo ya ndani ya mtutu wako yasokota mzunguko mmoja kwa inchi ngapi? Sijui. Tukatia fimbo ya kusafishia yenye kitambaa kilichobana, tukaweka alama, ikazunguka mara moja kwa inchi 12. Na mimi nilikuwa natumia risasi za greni 75 (greni ndicho kipimo cha uzito wa risasi)!

Akanieleza ile mifuo ya ndani ndiyo yaizungusha risasi ikatulia hewani kama pia ya watoto, sasa risasi nzito huwa ndefu, na ule urefu hasa ndio wataka izungushwe kwa kasi zaidi. Mwingereza Greenhill alishatoa hesabu yake tangu 1879! Inchi 12 yafaa greni 55 kushuka, hizo 75 zataka mzunguko mmoja kwa inchi 8 au 7, yaani wa kasi zaidi. Leo nimetia 55, tano zote zimekaa ndani ya kifuniko cha soda, karatasi nimeibandika sebuleni.